Mlenda ni Jina la Chungu

Hotuba kwa wakulima wa bustani, wauza mboga na wanafunzi wa kilimo, Uyole, Mbeya

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliofunga meza Mwanjelwa ili mje hapa, nawashukuru zaidi, maana najua asubuhi ya Jumamosi ina thamani gani kwa muuza mboga. Mliotoka Tukuyu, mwagonile. Wa Iringa na Njombe, kamwene. Na ninyi wanafunzi mliojipanga karibu na mlango, nimewaona. Hotuba yenyewe si ndefu kiasi cha kuitorokea.

Mezani hapa kuna mafungu tisa ya mboga za majani. Nimeyanunua leo alfajiri, kila fungu meza yake, na kila nilipolipa niliuliza, "Mama, hii inaitwaje?" Nilichojibiwa nimekiandika kama kilivyo. Fungu la kwanza: mlenda. Fungu la pili, meza nyingine: mlenda. Naomba myapitishe mikononi myaangalie, ila yanirudie. Ndiyo mboga yangu ya jioni.

La kwanza lina majani yenye meno pembeni kama msumeno. Tazameni chini ya jani, pale linapokutana na kikonyo: nyuzi mbili fupi zimechomoza, moja kila upande, kama sharubu za kambale. Ndicho kitambulisho chake. Huyu ni *Corchorus olitorius*, wa ukoo mpana mmoja na pamba, bamia na choya. Fungu la pili halina sharubu. Majani yake ni membamba na marefu, na kwa bahati limebakiwa na ua moja la rangi ya waridi, umbo lake kama tarumbeta. Huyu ni *Sesamum angustifolium*, ndugu yake ufuta. Wawili hawa hawana undugu wa karibu hata kidogo. Wanakutana chunguni tu: ukiwapika, wote wanateleza.

Ndiyo maana nasema mlenda ni jina la chungu. Na Kiswahili chetu kina majina mengi ya namna hiyo. Mmea ni mhogo, *Manihot esculenta*, lakini jani likishaingia kinuni linaitwa kisamvu. Mmea ni kiazi kitamu, *Ipomoea batatas*, lakini majani yakifika sokoni ni matembele. Sukuma wiki, neno tuliloazima kwa jirani zetu wa Kenya, ni jina la mfuko: mboga ya kukuvusha juma wakati hela imekata. Chainizi ni jina la safari, linakwambia mboga imetoka wapi. Mpishi akisikia majina haya anajua la kufanya, na yanamtosha kabisa. Asiyetoshwa nayo ni mtu anayenunua mbegu, na nitawaeleza nilivyolijua hilo.

Miaka kadhaa iliyopita nilitaka figiri. Figiri ninayoijua mimi ni ile ya majani mapana, laini, yenye ukali kidogo wa haradali, unayochuma leo na wiki ijayo unachuma tena. Nikaenda duka la pembejeo, sitalitaja, nikanunua pakiti iliyoandikwa FIGILI. Nikatengeneza matuta matatu, nikaweka samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Majani yakatoka makavu mkononi, yana malaika magumu. Nikajipa moyo kwamba yatalainika. Wiki ya tano mke wangu aking'olea magugu aling'oa na shina moja, akaja nalo hadi barazani bila kusema neno. Chini kulikuwa na mzizi mweupe, umenenepa kama karoti iliyonyimwa rangi. Nilikuwa nimepanda *Raphanus sativus*.

Nikarudi dukani nimevimba. Muuzaji, kijana mpole tu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua kamusi kwenye simu yake akanionyesha: figili ni mmea wenye mzizi mweupe unaoliwa. Na alikuwa sahihi! Neno limetoka kwa Waarabu, na kwa Waarabu jina hilo ni la mzizi huohuo. Ni sisi wa bara tuliolihamishia kwenye majani ya mmea mwingine, *Brassica carinata*, ambao Arusha watakuambia ni loshuu. Hakuna aliyeniibia, basi. Lakini pakiti ile ingekuwa na maneno mawili ya Kilatini, nami nikapata akili ya kuyasoma kabla ya kulipa, matuta yangu matatu yangepona.

Maneno mawili. Utaratibu huo aliusimika Msweden Carl Linnaeus mwaka 1753, na watu wa huku hawapaswi kuuona mgeni. Kwenye daftari la mahudhurio mwalimu anaanza na jina la ukoo, halafu jina la mtoto. Ukisikia Mwa-fulani tu, kabla hujajua ni Neema au ni Tumaini, umeshajua kadi ya mchango wa harusi itatoka upande gani. *Brassica* ni jina la ukoo, ambalo wataalamu wanaliita jenasi, na huanza na herufi kubwa. *carinata* ni jina la mtoto, spishi, na huanza na herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mtu au nchi. Kwenye chapa huandikwa kwa mlazo. Kwa kalamu, pigieni mstari chini. Ile herufi L. mnayoiona mwishoni mwa majina mengi ni Linnaeus mwenyewe, ametia saini.

Kilatini chenyewe kisiwatishe. Mkijua maneno machache mtacheka, kwa sababu wazungu nao walitaja vyungu vyao. *Oleracea* maana yake ni ya mboga. *Sativus* ni iliyolimwa. *Esculenta* ni inayolika, ndiyo maana mnaikuta kwenye mhogo na kwenye magimbi, *Colocasia esculenta*. Kuna mchicha mmoja unaoitwa *Amaranthus dubius*. *Dubius* ni wa kutiliwa shaka! Mboga imelisha watoto wa nchi hii miaka yote, na kwenye vitabu bado inashukiwa.

Sasa fungu la tatu, la nne na la tano: sukuma wiki, chainizi, na figiri, safari hii figiri ya kweli. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa zenu zilipo.

Zote tatu ni *Brassica*. Sukuma wiki ni *Brassica oleracea*. Kabichi ni nini? *Brassica oleracea*. Koliflawa? *Brassica oleracea*. Brokoli? Hivyohivyo. Spishi ni moja; mkulima wa kale ndiye aliyewatenganisha, huyu akachagua mbegu za mmea wenye majani mengi, yule akachagua uliofunga kichwa, mwingine akapenda wenye maua yaliyosongamana. Kwa hiyo nyuma ya maneno mawili huongezwa la tatu: sukuma wiki ni *acephala*, isiyo na kichwa, kabichi ni *capitata*, yenye kichwa, koliflawa ni *botrytis*, kama kichala cha zabibu. Chainizi ni *Brassica rapa*. Na figiri, nimeshasema, ni *Brassica carinata*.

Undugu wao unaweza kuuhesabu kwa vidole. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja aliyezaliwa Japani kwa baba Mkorea, anaandikwa U Nagaharu, jina la ukoo ni hiyo herufi U peke yake, alionyesha kwamba *Brassica* tatu ni wazazi na nyingine tatu ni watoto wao. *Brassica oleracea* ina seti ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, 9. *Brassica nigra*, haradali nyeusi, ina 8. Jumlisha: 17. Hiyo ndiyo figiri. *Brassica rapa* ina 10; ukiichanganya na 8 ya haradali nyeusi unapata 18, *Brassica juncea*, haradali ya majani; ukiichanganya na 9 ya kabichi unapata 19, *Brassica napus*, inayokamuliwa mafuta. Niliposoma habari hii nikiwa mwalimu kijana nilifunga kitabu nikatoka nje kuzitazama sukuma wiki za shule kwa heshima mpya. Mzazi mmoja wa figiri wako amesimama tuta la pili.

Wanafunzi, mtauliza tofauti zao shambani. Mwagieni maji kidogo sukuma wiki: tone linaviringika na kuanguka, kwa sababu jani limepakwa nta, lina ubluu fulani. Chainizi haina nta ya namna hiyo. Iacheni itoe ua, mtaona majani ya juu yamekumbatia shina pande zote, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Figiri haikumbatii, jani lake la juu limesimama juu ya kikonyo. Maua yote matatu yana petali nne zilizokaa msalaba, na ndani stameni sita, vile vijiti vinavyobeba chavua, nne ndefu na mbili fupi. Hesabuni. Karibu ukoo wote mpana wa kabichi, unaokusanya jenasi nyingi, una hesabu hiyo. Kwenye chainizi maua yaliyofunguka yanapanda juu ya machipukizi yasiyofunguka. Kwenye kabichi na sukuma wiki machipukizi ndiyo yako juu. Na yule Raphanus wangu? Ua lake ni jeupe au la zambarau lenye mishipa, na ganda lake la mbegu ni nene kama sifongo, halipasuki. Ganda la *Brassica* likikauka linapasuka lenyewe.

Lakini mbegu, ndugu zangu! Mbegu za *Brassica* ni punje za duara, kahawia au nyeusi, zinafanana kama shanga za uzi mmoja. Nimefundisha baiolojia hadi nikastaafu, nikimwagiwa kiganjani mbegu za kabichi, chainizi na figiri siwezi kukwambia ipi ni ipi kwa macho. Ushahidi pekee ulio nao dukani ni maandishi ya pakiti. Tafuteni pale maneno mawili. Mkikuta na jina la tatu ndani ya alama za kunukuu, lisilo la mlazo, hilo ni jina la aina iliyochaguliwa na wazalishaji. Kuna *Brassica carinata* inayoitwa 'Mbeya Green'. Mkoa wetu umo kwenye pakiti ya mbegu, na wengi hapa mlikuwa hamjui.

Kuna hasara nyingine inayotokana na majina ya sokoni, na hii si ya kwangu peke yangu. Bwana shamba anatuambia tubadilishe mazao. Tunatii: msimu huu kabichi, unaofuata chainizi, unaofuata sukuma wiki. Majina matatu, tunaona tumebadilisha mara tatu. Nondo wa kabichi, *Plutella xylostella*, hajui Kiswahili. Yeye anaona meza ileile imeandaliwa upya. Na ule uozo mweusi unaoanzia ukingoni mwa jani kwa alama ya njano yenye umbo la V, *Xanthomonas campestris*, unabaki kwenye masalia ya mazao na kungoja mwenyeji mwingine wa ukoo huo. Kubadilisha mazao ni kubadilisha ukoo mpana. Baada ya *Brassica* yoyote wekeni karoti, au maharage, au mahindi, lolote lisilo na ua la msalaba.

Mama mmoja pale mbele amenyoosha mkono muda mrefu. Anauliza, nikimwambia mteja "hii ni Corchorus olitorius", si atahamia meza ya jirani? Atahama, mama, tena mbio! Sokoni sema mlenda. Kizuri chajiuza. Kilatini ni cha dukani unaponunua mbegu, cha daftari lako la shamba, na cha siku utakapopata mnunuzi wa mbali asiyejua mlenda ni nini.

Fungu la sita nitalipitia haraka: spinachi. Haya majani makubwa, manene, yenye mshipa mpana mweupe katikati ni *Beta vulgaris*, spishi moja na bitiruti. Spinachi ya vitabu vya mapishi vya Ulaya ni *Spinacia oleracea*, mmea mdogo, laini, ambao madume na majike huwa mashina tofauti. Mmoja wa hotelini akiagiza hiyo na wewe ukampelekea hii, mtagombana bila sababu. Hapa mbegu inasaidia: ya *Beta* ni kigamba kigumu chenye mikunjo, kwa kawaida ndani mna mbegu zaidi ya moja, ndiyo maana unafukia moja na miche inachomoza miwili au mitatu. Hujalogwa.

Mchicha, fungu la saba. Jenasi ni *Amaranthus*, kutoka neno la Kigiriki la kitu kisichofifia. Ukikuta jozi ya miiba pale jani linaposhika shina, ni *Amaranthus spinosus*, huyo hujiotea tu. Ncha ya jani ikiwa imebonyea ndani kama iliyoumwa, mfikirie *Amaranthus blitum*. Mchicha wa nafaka, wenye shuke kubwa na mbegu nyeupe, mara nyingi ni *Amaranthus cruentus* au *Amaranthus hypochondriacus*. Mgagani, fungu la nane, hauna mpinzani: vijani vitano vimetoka pointi moja kama vidole, shina lina malaika na linanata, ua jeupe. Niliufundisha kwa jina *Cleome gynandra*. Siku hizi utauona pia kama *Gynandropsis gynandra*.

Nasikia manung'uniko: kumbe na haya ya Kilatini yanabadilika? Yanabadilika, ushahidi mpya ukipatikana. Nyanya ndiyo kichekesho kikubwa. Linnaeus mwaka 1753 aliiweka kwenye *Solanum*. Waliomfuata wakaihamisha wakaiita *Lycopersicon esculentum*, na hilo ndilo nililokariri shuleni. Vipimo vya vinasaba vikaja kuonyesha kwamba mzee alikuwa sahihi, ikarudishwa: *Solanum lycopersicum*. Aliolewa, akaachika, akarudi kwao. Kizuri ni kwamba hati za ndoa zote zimehifadhiwa. Jina la zamani ukilitafuta litakufikisha kwenye jipya.

Na *Solanum* ndiyo inanileta kwenye mnavu, mboga ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo mtanivumilia. Huku nyanda za juu tunalima viazi mviringo, *Solanum tuberosum*. Tunalima nyanya, *Solanum lycopersicum*. Ngogwe ni *Solanum aethiopicum*, bilinganya ni *Solanum melongena*. Mnavu nao ni *Solanum*. Ukiondoa viazi vilivyokufa kwa mnyauko wa bakteria, *Ralstonia solanacearum*, kisha ukapanda mnavu palepale kwa kuwa ni "mboga tu ya majani", umewatunzia wale bakteria nyumba. Yule kipekecha wa nyanya aliyeingia nchini miaka ya 2010, tuliyempa jina la kantangaze kwa jinsi alivyotangaza ufukara wetu, anaweza kuishi kwenye mnavu pia.

Tena mnavu wenyewe si mmoja. Watu wanaandika *Solanum nigrum* kwa kila kitu, kwa uvivu. Mnavu wa majani mapana, wenye matunda makubwa ya zambarau iliyokolea karibu na nyeusi, ni *Solanum scabrum*. Wenye matunda ya njano kuelekea rangi ya machungwa ni *Solanum villosum*. Wenye matunda madogo meusi yanayong'aa, vikonyo vyake vyote vikitoka sehemu moja kama fito za mwavuli, ni *Solanum americanum*. *Scabrum* ndiye wa kulimwa kwa mavuno ya majani. Ukichanganyiwa mbegu utajua siku ya tunda, na siku hiyo umeshapoteza msimu. Tunda bichi la kijani msile, wala msiwape watoto.

Kuna mgeni mmoja wa kuchunga kwenye tuta la mnavu mchanga. Ni mnanaha, *Datura stramonium*, wa ukoo huohuo mpana wa Solanaceae, naye ni sumu, jani hadi mbegu. Akiwa mkubwa humkosi: ua jeupe refu kama tarumbeta, tunda la kijani limejaa miiba. Akiwa mche wa majani manne anajificha vizuri. Likate jani, ulifikiche, ulinuse. Harufu yake ni mbaya. Anayechuma mnavu gizani ili awahi gari la soko la Soweto ajue anachochuma.

Jinsi ya kujifunza haya bila kwenda chuo: msivune kila kitu. Acheni mashina mawili ya kila mboga pembeni yatoe ua na tunda. Jani linadanganya, linabadilika kwa mbolea, kivuli na baridi ya Juni. Ua na tunda havibadiliki sana. Chumeni tawi lenye vyote, lilazeni katikati ya gazeti, wekeni mbao na tofali juu, badilisheni gazeti kila siku hadi likauke. Andikeni pembeni: mahali, tarehe, kimo kama mnakijua, na jina mnaloliita nyumbani, kwa Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe, Kibena. Msilitupe hilo, ndilo litakalomsaidia mwingine kuuliza bibi yake. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, ilitegemea matawi makavu ya namna hiyo. Programu za simu za kutambua mimea nazo tumieni, lakini mzipe picha ya ua. Mkiipa mche wa *Brassica* itawajibu kwa ujasiri wa mtu asiyelima.

Limebaki fungu la tisa. Ni mnavu, nimeununua mteke, hauna ua wala tunda. Kwenye karatasi yake nimeandika *Solanum* sp. Hizo herufi mbili za mwisho ni kifupi cha spishi, na maana yake ni kwamba ukoo umejulikana, jina la mtoto bado. Ni maandishi halali kabisa. Hata wakubwa wa fani wanayatumia. Mama aliyeniuzia amekaa safu ya pili na amekubali kuniachia mashina mawili shambani kwake Igawilo. Tunda likiiva tutaenda kuliona pamoja. Sasa simameni, njooni mezani mmoja mmoja, anzeni na zile sharubu.